Intaneti Ikikatika Nyumbani, Tafuta Kwanza Palipokatika

Intaneti ya nyumbani inapokatika, hasara kubwa mara nyingi haitokani na hitilafu yenyewe bali na haraka ya kuitibu. Mtu hufuta jina la waifai na kuliunganisha upya, kisha huchomeka pini kwenye kitobo cha nyuma ya ruta, kisha hupakua programu inayojinadi kwamba inarekebisha draiva zote, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta, na kufika jioni kompyuta iko kwa fundi inawekewa Windows mpya. Kila hatua kati ya hizo hubadilisha kitu, na kila kinachobadilika hufuta alama ambayo ingeonyesha chanzo. Mwongozo huu unasimamia hoja moja: hitilafu ya mtandao ina mahali pake, na mahali hapo panajulikana kwa vipimo vichache visivyobadilisha chochote. Kwa hiyo pima kwanza, gusa baadaye. Njia ya data kutoka mezani kwako hadi kwenye tovuti si ngumu kuifahamu. Inaanzia kwenye programu unayotumia, inapita katika mfumo wa Windows, inaingia kwenye adapta ya mtandao, yaani sehemu ya kompyuta inayozungumza na waifai au waya, kisha inasafiri hewani au ndani ya waya hadi kwenye ruta, inakwenda kwa mtoa huduma, na kutoka hapo inasambaa duniani. Kipande kimoja kikifa, popote kilipo, kompyuta huandika maneno yaleyale: hakuna intaneti. Tena maneno hayo yanatokana hasa na kipimo kimoja. Windows hutuma ombi dogo kwa seva ya Microsoft iitwayo www.msftconnecttest.com ikitarajia kurudishiwa maneno machache inayoyajua. Yasiporudi, inatangaza kwamba intaneti haipo. Inajua kwamba jibu halikurudi, lakini haijui limepotelea wapi. Kazi ya kujua ni yako.

Kipimo cha kwanza hakihitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Chukua simu iliyounganishwa na waifai ileile, zima data ya laini yake, kisha fungua tovuti ambayo hujaifungua karibuni. Kuzima data ni sharti, kwa sababu simu nyingi za leo zikiona waifai haina intaneti hurukia data ya laini kimyakimya, nawe utadhani ruta ni nzima kumbe unakula kifurushi cha simu. Tovuti mpya nayo ina sababu yake: ukurasa uliofunguliwa jana unaweza kuonekana kutoka kwenye akiba ya simu bila data yoyote kupita. Simu ikifungua tovuti hiyo, basi ruta, mtoa huduma na dunia ya nje vimetoka katika orodha ya washukiwa, na kazi imebaki ndani ya kompyuta au kati ya kompyuta na ruta. Simu nayo ikikwama, iache kompyuta kama ilivyo, kwa kuwa haina kosa. Hapo geukia ruta, na kama ni ruta ya laini ya simu inayotumia kifurushi cha kulipia kabla, angalia salio kabla ya kitu kingine chochote. Kifurushi kikiisha, waifai huendelea kuonyesha mistari yake yote, kompyuta huendelea kusema imeunganishwa, na hakuna kinachofunguka. Ni jambo dogo, lakini kompyuta nyingi zimefumuliwa bure kwa sababu hakuna aliyeuliza habari za salio.

Msomaji atasema: kwa nini nisizime tu ruta na kuiwasha, maana mara nyingi tatizo huisha? Hoja hiyo ni ya haki, na kuzima na kuwasha si uganga. Ruta ni kompyuta ndogo yenye kumbukumbu finyu. Inatunza jedwali la mawasiliano yote yanayopita, na jedwali hilo linaweza kujaa au kuvurugika. Anwani iliyotolewa na mtoa huduma inaweza kuwa imekwisha muda wake bila ruta kufanikiwa kuomba nyingine. Kuiwasha upya husafisha yote mawili. Ninachodai ni mpangilio tu: tazama taa za ruta kwanza, zipige picha kwa simu, ndipo uzime. Kama taa ilikuwa nyekundu, picha hiyo ndiyo ushahidi pekee utakaobaki. Kisha washa kwa utaratibu, kifaa cha faiba kwanza kama unacho, kikishatulia washa ruta, mwisho kompyuta, kwa sababu kila kimoja huomba anwani kupitia kinachokitangulia. Na usichanganye kuzima na kubonyeza kile kitobo. Kitobo huirudisha ruta katika hali ya kiwandani, na pamoja na jina la waifai yanaweza kufutika jina la mtumiaji na nenosiri ambavyo fundi wa mtoa huduma aliingiza siku ya kufunga huduma. Aliyekuwa na kompyuta moja isiyo na intaneti sasa ana nyumba nzima isiyo nayo. Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa zima-washa hulisahau: ruta inayohitaji kuzimwa kila siku haijapona. Inakwambia kwamba inapata joto kupita kiasi, au chaja yake imechoka na haitoi tena umeme unaotakiwa, au laini ya nje inakatika. Ukiendelea kuizima tu, unaahirisha siku ya kujua.

Tuseme simu imefungua tovuti na kompyuta imegoma. Sasa tunaingia ndani ya kompyuta, na hapa nafuata Windows kwa kuwa ndiyo iliyo katika nyumba nyingi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Dirisha jeusi litafunguka. Wengi huliogopa dirisha hilo, na hofu yao naielewa, maana limehusishwa na wadukuzi wa kwenye sinema. Lakini amri nitakazotaja hapa za kupimia husoma tu. Haziwezi kufuta faili wala kubadilisha mpangilio. Zina hatari ndogo kuliko kubofya bofya katika mipangilio bila kujua unachokitafuta. Andika ipconfig, kisha tafuta mstari wa anwani ya IPv4 chini ya adapta unayoitumia. Jibu litakuwa moja kati ya manne. Ukiona anwani kama 192.168.1.23, pamoja na anwani ya lango kwenye mstari wa Default Gateway, mathalani 192.168.1.1, kompyuta imezungumza na ruta na ikapewa nafasi yake. Usihangaike na draiva. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe anwani ya kubahatisha. Maana yake adapta iko hai na Windows inaitambua, ila mazungumzo kati yake na ruta hayakamiliki: ishara dhaifu, waya mbovu, au ruta iliyochoka kugawa anwani. Ukiona Media disconnected, adapta ipo lakini haijashika waifai wala waya wowote. Na adapta isipotajwa kabisa katika orodha hiyo, imezimwa au Windows haiioni, na hapo ndipo mjadala wa draiva na vifaa unapoanza kuwa na maana.

Ukishapata anwani nzuri lakini tovuti hazifunguki, panda ngazi kwa amri ya ping. Aliiandika Mike Muuss mwaka 1983 akihangaika na mtandao uliokuwa ukifanya vituko, na hadi leo hakuna chombo rahisi kuliko hicho cha kuuliza swali la ndiyo au hapana. Miongozo mingi huanza na ping 127.0.0.1. Kwa maoni yangu hatua hiyo haina faida kubwa nyumbani, kwa sababu kompyuta hapo inajisemesha yenyewe. Adapta inaweza kuwa imeungua na bado ukapata jibu. Anza na lango: andika ping, nafasi, kisha anwani ya lango uliyoiona. Majibu yakirudi, njia hadi kwenye ruta ni nzima. Kisha andika ping 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google inayojibu kutoka karibu popote duniani. Ikijibu, data inatoka nje ya nyumba na kurudi. Mwisho andika ping www.google.com. Anwani ikijibu na jina likagoma, umeshapata ugonjwa, nao ni wa kutafsiri majina, nitakaourudia baadaye. Kuna tahadhari moja. Vipo vifaa na mitandao iliyopangwa isijibu ping kabisa, kwa hiyo ping inayojibu ni uthibitisho kamili, lakini isiyojibu ni dalili tu. Lango lisipojibu na tovuti zikawa zinafunguka, amini tovuti.

Sasa adapta yenyewe, ambayo hulaumiwa kuliko kitu kingine chochote na huchunguzwa kwa nadra. Bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc, ufungue kundi la Network adapters. Kwanza tazama kama adapta imo. Ikiwa imo na ina mshale mdogo wa kwenda chini, imezimwa tu. Bofya kulia uiwashe. Katika laptopu nyingi kuna kitufe cha juu ya kibodi chenye picha ya ndege au antena, na kidole cha mtoto kinatosha kuzima waifai bila mwenye kompyuta kujua. Ikiwa na pembetatu ya njano, ibofye mara mbili usome namba ya kosa, kwa sababu namba hizo zina maana tofauti na tiba tofauti. Namba 22, inayokuja na ule mshale, ni adapta iliyozimwa. Namba 28 ni draiva ambayo haijawekwa. Namba 10 ni kifaa kilichoshindwa kuanza, mara nyingi kwa draiva isiyokifaa au kwa hali iliyokwama. Namba 43 ni kifaa chenyewe kuripoti hitilafu, na ikirudi baada ya kila jaribio, shuku kifaa. Mwenye namba 22 akipakua draiva anapoteza muda, na mwenye namba 28 akiwasha ruta upya mara kumi anapoteza muda zaidi.

Kabla ya kugusa draiva, fanya jambo moja ambalo watu hudhani wameshalifanya: washa kompyuta upya kwa kuchagua Restart, si Shut down. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi ukizizima kwa Shut down huhifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski ili ziwake haraka, na draiva iliyokwama huhifadhiwa pamoja nayo, kisha hurudi asubuhi ikiwa bado imekwama. Restart haifanyi hivyo. Huanza upya kabisa. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuapa kwamba amezima kompyuta usiku kucha na adapta bado haionekani, na anasema kweli. Likishindikana hilo, ndipo draiva. Kama hitilafu ilianza mara baada ya Windows kujisasisha, ingia kwenye adapta, kichupo cha Driver, uone kama kitufe cha kurudi kwenye draiva ya awali, Roll Back Driver, kinabonyezeka. Kama hakibonyezeki, pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako kwa kutumia namba kamili ya modeli iliyoandikwa chini yake. Jiepushe na programu zinazoahidi kutafuta draiva zote kwa mkupuo: huchezea draiva ambazo hazikuwa na tatizo, na baadhi huja na matangazo na programu hasidi. Utapakuaje bila intaneti? Unganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Windows huitambua simu kama adapta nyingine, mara nyingi bila kuhitaji draiva ya ziada, na intaneti inapita. Tena hiki ni kipimo safi ajabu: kama tovuti zinafunguka vizuri kwa njia ya simu, mfumo wa Windows na kivinjari ni wazima, na lawama zote zinahamia kwenye adapta na waifai.

Hitilafu nyingine ya adapta haionekani kwenye orodha ya makosa: waifai inayokatika kompyuta ikipumzika kidogo, au inayorudi kwa shida baada ya kufunua laptopu. Kwenye adapta, ukikiona kichupo cha Power Management, ondoa alama ya vema inayoruhusu kompyuta kuizima adapta ili kuokoa umeme. Gharama yake ni dakika chache za betri. Na kama baada ya yote haya bado huamini adapta ya ndani, adapta ndogo ya waifai ya kuchomeka kwenye USB huuzwa kwa bei ya chini sana ukilinganisha na laptopu. Wengine huiona kama kukubali kushindwa. Mimi naiona kama kipimo kinachobaki kuwa tiba: ikifanya kazi, umethibitisha kwamba ya ndani imekufa na papo hapo una mbadala wake.

Waifai ina ugonjwa mwingine ambao si wa kukatika bali wa kuzorota, na hapa watu humlaumu mtoa huduma kabla ya kulaumu ukuta. Ruta nyingi hutangaza bendi mbili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na imejaa: majirani, Bluetooth, hata oveni ya maikrowevu huvuruga hewa hiyohiyo. Ya gigahezi 5 ina kasi na nafasi kubwa, ila hufifia haraka ikikutana na zege, matofali ya saruji au zile kuta nene za mawe za nyumba za kale za pwani. Andika kwenye lile dirisha jeusi netsh wlan show interfaces, nawe utaona bendi au chaneli unayotumia, asilimia ya ishara na kasi ya muunganisho. Toleo jipya la Windows 11 linaweza kudai kwanza ruhusa ya huduma ya mahali; liruhusu. Kisha beba laptopu hadi kando ya ruta urudie. Kama kasi inapaa sana ukiwa karibu, draiva haina hatia na mtoa huduma hana hatia. Hamisha ruta kutoka nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, iweke juu na katikati ya nyumba. Kwenye bendi ya 2.4, chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11. Katika jengo la ghorofa lenye waifai nyingi, chagua ile inayotumiwa na wachache. Kama simu inaliona jina la waifai na kompyuta hailioni kabisa, usikimbilie kusema imeharibika. Adapta nyingi za zamani hazina bendi ya 5, baadhi hazisikilizi chaneli ya 12 na 13, na zisizojua usalama wa WPA3 hazitaweza kujiunga na ruta iliyopangwa kukubali WPA3 peke yake. Tiba iko kwenye ruta, katika kuwasha 2.4 na kuruhusu WPA2.

Waya hupimika kwa urahisi kuliko hewa, na ndiyo maana ni vizuri kuwa na mmoja hata kama huutumii. Ndani ya waya wa mtandao mna jozi nne za nyuzi za shaba. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili. Ya gigabiti 1 hutumia zote nne. Bonyeza Windows na R, fungua ncpa.cpl, bofya mara mbili adapta ya waya, usome kasi. Ikiwa kompyuta na ruta zote zina uwezo wa gigabiti na bado unasomewa megabiti 100, kwa kawaida kuna uzi uliokatika au kichwa cha waya kilichobanwa vibaya. Badilisha waya kabla ya kubadilisha kingine. Taa ya kwenye tundu isipowaka kabisa, jaribu tundu jingine la ruta. Baada ya radi, tundu moja huweza kuungua huku mengine yakisalimika.

Turudi kwa yule ambaye anwani zinamjibu na majina hayamjibu. Majina ya tovuti hutafsiriwa kuwa namba na seva za DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na kwa kawaida kompyuta hutumia seva za mtoa huduma kupitia ruta. Zikilala, intaneti nzima huonekana imekufa hali data inapita vizuri. Futa kwanza akiba ya majina kwa ipconfig /flushdns. Kama haikusaidia, ingia kwenye mipangilio ya adapta uweke seva 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Ipo imani kwamba seva hizi huongeza kasi ya intaneti. Haziongezi upana wa njia yako. Zinachoweza kupunguza ni muda mfupi wa kutafuta jina, basi. Washukiwa wengine wa kundi hili ni watatu. Wa kwanza ni VPN iliyoondolewa vibaya, na wa pili ni mpangilio wa proksi, yaani seva ya kati ambayo data hupitia, ulioachwa na programu fulani, hata kivinjari kikagoma huku ping ikijibu. Uangalie kwenye ukurasa wa Proxy katika mipangilio ya mtandao. Wa tatu husahaulika kabisa, nao ni saa ya kompyuta. Katika kompyuta ya mezani yenye umri, betri ndogo ya kwenye ubao mkuu, aghalabu CR2032, huisha. Kila umeme ukikatika tarehe hurudi miaka nyuma, na vivinjari hukataa tovuti salama kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika. Sahihisha tarehe, badilisha betri. Hakuna draiva duniani itakayotibu hilo.

Na kama kila kifaa cha nyumbani kimekwama na lango linajibu, kwa kawaida hitilafu iko nje. Kwenye kifaa cha faiba tafuta taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kutoka kwa mtoa huduma: uzi umekatwa mtaani, au umepindwa kupita kiasi nyuma ya kabati lako. Kunjua pindo hilo taratibu, na usichungulie ncha ya uzi kwa jicho. Wakati mwingine hata mtoa huduma hana la kufanya kwa saa ileile. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Siku kama hiyo taa zote za ruta huwa kijani, anwani ni sahihi, lango linajibu, lakini seva za mbali hazifikiki au zinajibu kwa kusuasua. Tovuti zinazohifadhiwa ndani ya nchi zinaweza kuendelea kufunguka, kwa kuwa mawasiliano yake hubadilishanwa nyumbani katika vituo kama KIXP cha Nairobi au TIX cha Dar es Salaam. Kwa hiyo jaribu tovuti ya ndani na ya nje, kisha andika tracert 8.8.8.8 uone data inafika hatua ya ngapi kabla ya kimya.

Labda utauliza kwa nini usiiachie Windows yenyewe, maana ina kitafuta-hitilafu chake na kitufe cha Network reset. Kitafuta-hitilafu kitumie, kina uwezo wa kuwasha upya adapta na kugundua mipangilio iliyokosewa. Lakini upeo wake unaishia karibu na ruta, na kikisema hakikuona tatizo, maana yake hakikuona tatizo upande wake. Network reset, na amri za netsh winsock reset na netsh int ip reset, ni jambo jingine: hizi hubadilisha. Hurekebisha kweli uchafu ulioachwa na programu za antivirusi au VPN zilizoondolewa, ila Network reset huondoa adapta zote na kuziweka upya, na manenosiri ya waifai, VPN na anwani ulizoziweka kwa mkono hupotea. Ziache mwisho, andika mipangilio yako kwanza, na uzitumie pale tu vipimo vimeonyesha kwamba kosa limo ndani ya Windows.

Pingamizi moja lina uzito kuliko mengine: hitilafu inayokuja na kuondoka. Unapima, kila kitu ni kizima, unaondoka, inakatika. Hapa kupima mara moja hakutoshi, na jibu ni kuacha vipimo viendelee. Fungua madirisha mawili meusi. Katika la kwanza andika ping ya lango ukiongeza -t mwishoni, katika la pili andika ping 8.8.8.8 -t, kisha endelea na kazi zako. Intaneti ikikatika, tazama ni dirisha gani limenyamaza. Yote mawili yakinyamaza pamoja, tatizo ni kati ya kompyuta na ruta: hewa, waya, adapta au ruta yenyewe. Lango likiendelea kujibu huku 8.8.8.8 ikinyamaza, mpigie mtoa huduma, naye usimwambie tu kwamba mtandao ni mbovu. Mwambie saa ilipokatika na iliporudi, kwamba umepima kwa waya na si kwa waifai, kwamba lango linajibu na nje hakujibu, na taa zipi zilikuwa zikiwaka. Fundi wa huduma kwa wateja atakuomba uzime ruta na kuiwasha. Mwambie umeshaizima, saa ngapi, na kilichotokea baadaye, kisha omba namba ya malalamiko uiandike chini ya zile saa.